Redio Inayoandikwa Upya Usiku



Jumatano ya tarehe 24 Septemba 2014, kampuni ya Apple ilitoa sasisho dogo la simu zake, toleo la iOS 8.0.1. Wakati huo iPhone 6 na 6 Plus zilikuwa na siku tano tu madukani, na katika wikiendi ya kwanza zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 10. Sasisho lenyewe lilikuja kurekebisha mambo madogo madogo: programu za afya zilizokuwa zikisumbua, kibodi za kampuni nyingine zilizokuwa zikijizima. Walioliweka kwenye simu hizo mpya walijikuta mtandao umekatika kabisa. Pale juu ya kioo penye vijiti vya mnara pakaandikwa hakuna huduma, na kitambuzi cha alama ya kidole nacho kikagoma kufungua simu. Baada ya saa moja na kitu Apple ikaliondoa. Kesho yake likatoka toleo la 8.0.2. Kampuni ilisema walioathirika hawakufika 40,000.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kiliisha salama, na nataka tuangalie kilichokifanya kiishe salama. Haraka ya Apple ilisaidia, lakini kwa yule ambaye simu yake ilikuwa imeshapoteza mtandao, haraka ya kampuni iliyoko California haikumpa hata kijiti kimoja cha mtandao. Kilichomwokoa ni kwamba aliweza kutafuta kompyuta, akachomeka waya, akairudishia simu toleo la 8.0 alilokuwa nalo asubuhi ile. Mlango wa kurudi ulikuwa wazi. Mhadhara wangu unauhusu mlango huo: nani ameshika ufunguo wake, na kwa nini wadhibiti wetu, ambao huikagua simu kabla haijaingia sokoni, hawauulizii.

Wengi tunadhani apdeti ni mambo ya kioo: rangi mpya, vitufe vimehama, picha zimepangwa vingine. Laiti ingekuwa hivyo tu. Ndani ya simu janja moja kuna redio kadhaa. Ipo ya kuzungumza na mnara, ipo ya Wi-Fi, ipo ya Bluetooth, ipo ya kupokea ishara za setilaiti za GPS, na baadhi zina ile ya kulipia kwa kugusisha. Redio ya babu ilikuwa koili, valvu na waya. Ukitaka kuibadilisha tabia ilibidi ushike bisibisi. Hizi za leo sehemu kubwa ya kazi yake inafanywa na programu. Modemu ni kompyuta ya pili ndani ya simu, ina prosesa yake na mfumo wake ambao hutauona popote kwenye kioo. Programu yake hutoka kwa mtengenezaji wa chipu, tuseme Qualcomm, MediaTek au Unisoc, ikapita kwa mtengenezaji wa simu, kisha yakaongezwa mafaili ya mipangilio kwa ajili ya kila kampuni ya mtandao: masafa gani yatumike, sauti ipite kwenye 4G au ishuke chini, hotspoti iruhusiwe au isiruhusiwe. Mikono mitatu minne imekishika kitu hicho kimoja, na wa mwenye simu haumo. Apdeti ikiingia saa nane usiku, simu ikiwa kwenye chaji na mwenyewe amelala, yote hayo yanaweza kuandikwa upya kwa mkupuo mmoja.

Mfano wa namna jambo hili linavyopita kimyakimya ni Android 4.2, ya Novemba 2012. Ndani yake Google iling'oa programu iliyokuwa ikiendesha Bluetooth, iitwayo BlueZ, ikapandikiza nyingine iliyotengenezwa kwa kushirikiana na Broadcom. Kwa mhandisi, hayo ni mageuzi makubwa. Mwenye simu ya Nexus, ya Google yenyewe, alichokisikia ni muziki unaokwamakwama kwenye spika ya gari. Toleo hilohilo, msicheke, lilisahau mwezi wa Desemba: ukitaka kuandika siku ya kuzaliwa ya mtu kwenye orodha ya majina, miezi ilianza Januari ikaishia Novemba. Desemba ilirudishwa kabla mwezi wenyewe haujaingia. Waliokuwa wakilalamikia sauti ya Bluetooth walisubiri hadi toleo la 4.2.2, Februari 2013. Kosa la kioo hupigwa picha, likasambaa, likamtia aibu mwenye kampuni. Kosa la redio halina picha. Ukililalamikia utaulizwa kama si spika yako, kama si gari lako, kama si ukuta wa nyumba yako.

Nendeni Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, mkae pembeni ya meza ya fundi asubuhi moja. Mteja anafika: "Fundi, nimeapdeti jana, leo laini haisomi." Fundi hakimbilii bisibisi. Anaitoa laini, anaifuta kwenye shati, anairudisha. Haisomi. Anaweka laini yake mwenyewe, haisomi. Kisha anabonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli. Ikitokea IMEI, namba ya utambulisho wa simu, tarakimu zake 15 kamili, uso wake unalainika: modemu ipo hai na inajijua, huenda shida iko kwenye mipangilio. Atafuta mipangilio yote ya mtandao na kuandika APN, anwani ya intaneti ya kampuni ya laini, upya kwa mkono. Atakuonya kwanza kwamba nywila zote za Wi-Fi zilizohifadhiwa zitaondoka, na vifaa vyote vya Bluetooth itabidi uviunganishe tena kimoja kimoja. Mara nyingi simu inarudi. Lakini zikitokea sifuri tupu, au pasitokee kitu, fundi anaweka simu mezani na kumtazama mteja machoni. Redio imepoteza utambulisho wake, na kazi inayofuata ni kufleshi, yaani kuipakia simu programu yake upya.

Kwetu kufleshi kuna upande wa sheria pia. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima, na kilichotumika kuzitambua ni hiyohiyo IMEI. Kenya walikuwa wameshazima zao mwaka 2012. Tangu hapo simu isiyo na IMEI halali ni marehemu anayesubiri kuzikwa. Sasa fikirieni simu halali, ina risiti na boksi lake, imepoteza IMEI kwa sababu programu yake iliharibika umeme ulipokatika katikati ya kazi. Inatupwa kundi moja na simu ya magendo. Na fundi anayeirudishia namba yake ya asili, ile aliyoisoma kwenye boksi, anatumia zana zilezile anazotumia mtu wa kubadili namba ya simu ya wizi, jambo ambalo ni kosa kisheria. Kwa hiyo anafanya kazi ya haki akiwa amejificha. Mimi naona ni aibu yetu, si yake.

Faili la kufleshia nalo analitoa wapi? Google huweka hadharani mafaili kamili ya simu zake za Pixel, yeyote akayachukua. Kwa simu nyingi zinazouzwa Kariakoo hakuna ukurasa kama huo. Fundi anazunguka kwenye magrupu, analipia akaunti za watu asiowajua, anashusha faili la gigabaiti kadhaa kwa bando lake, na analiweka kwenye simu yako akiomba Mungu lisiwe na mdudu ndani.

Bado hatujasema habari ya wanaoitegemea redio hiyo. Mwanafunzi anayewagawia wenzake bando kwa hotspoti siku ya kuwasilisha kazi, dereva anayeongozwa na ramani, muuza samaki wa Feri anayesubiri ujumbe wa malipo ndipo amfungie mteja mzigo, hao tunawaona kila siku. Ningependa nikae kidogo kwa mtu tusiyemwona.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini anaweza leo kubandika kihisi kidogo mkononi au tumboni. Kina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi, kinapima sukari usiku na mchana, na kila baada ya dakika chache kinaituma kwa Bluetooth kwenye simu. Sukari ikishuka mno usingizini, simu inapiga kengele mpaka mgonjwa aamke, au mzazi aliye chumba cha pili aamke. Mnyororo mzima wa kumwamsha mtu asife umepita kwenye redio ndogo ya Bluetooth na kwenye ruhusa za programu moja. Februari 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwa watumiaji wa vifaa hivi. Ilikuwa imepokea taarifa za watu ambao kengele hazikuwafikia kwa sababu ya mipangilio ya simu zao, na miongoni mwa sababu ilizozitaja ni kusasisha mfumo wa simu na kuunganisha kifaa kipya cha Bluetooth, kama vile spika za masikioni, sauti ikahamia huko. Taarifa hizo zilihusishwa na madhara makubwa, hadi vifo. Ushauri wa mamlaka ulikuwa wa wazi: zima sasisho la kujiendesha lenyewe, hakikisha kwanza kwamba mtengenezaji wa kifaa chako amekubali toleo jipya, na ukishasasisha kagua kengele zako upya.

Zingatieni ugumu wa ushauri huo. Laini ikigoma unaona mara moja, maana M-Pesa haiendi. Kengele ikigoma, simu inakaa kimya, na ukimya huo haupishani hata kidogo na ukimya wa usiku ambao sukari iko sawa. Mgonjwa hana la kuona. Vifaa hivi kwetu bado ni vya wachache kwa sababu ya bei, lakini mtindo wa kuuegemeza uhai kwenye redio ya simu umeshafika, na vifaa vya kusaidia kusikia vinavyopokea sauti ya simu kwa Bluetooth vinakuja kwa njia hiyohiyo.

Hapo ndipo wengine husema: basi usiapdeti. Nimewasikia hata mafundi wazuri wakimwambia hivyo mteja. Siwezi kuwaunga mkono. Oktoba 2017 mtafiti Mathy Vanhoef wa chuo kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, alionyesha kwamba WPA2, kinga iliyokuwa ikilinda karibu Wi-Fi zote duniani, ilikuwa na ufa katika namna ya kukubaliana ufunguo, na simu za Android 6 zilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi: zingeweza kuvutwa hadi zikatumia ufunguo wa sifuri tupu. Miezi michache nyuma yake lilikuwa limefichuliwa tundu kwenye chipu za Wi-Fi za Broadcom lililomwezesha mshambuliaji aliye karibu kuingia bila mwenye simu kubonyeza kitu. Tundu la aina hiyo huzibwa kwa apdeti, dawa nyingine hakuna.

Na wakati mwingine kukataa ndiko kunakoiua redio. GPS huhesabu majuma kwa namba ya biti 10, yaani ikifika 1,024 inaanza upya na sifuri. Ilianza kuhesabu Januari 1980, ikazunguka mara ya kwanza Agosti 1999, mara ya pili Aprili 2019. Kila mtengenezaji wa kipokezi huweka hesabu yake ya kuvuka mpaka huo, na kwa iPhone 5 siku ya hatari iliangukia tarehe 3 Novemba 2019. Apple iliwaambia wenye simu hizo waweke toleo la iOS 10.3.4 kabla ya siku hiyo, la sivyo ramani ingepotea, na kwa kuwa tarehe ya simu ingevurugika, barua pepe na kuperuzi tovuti navyo vingekwama. Simu ilikuwa na umri wa miaka saba. Kwa apdeti hiyo nawapigia makofi bila kinyongo.

Kwa hiyo ugomvi wangu hauko kwenye sasisho lenyewe. Uko kwenye kifurushi. Kiraka cha kuziba tundu la Wi-Fi, modemu mpya, rangi mpya za kioo na programu ambayo hukuiomba vinafungwa pamoja, unaambiwa chukua vyote au acha vyote. Kwamba vinaweza kutenganishwa tunajua, maana Google yenyewe ilianza kutenganisha: mwaka 2017, katika Android 8, ilitenga sehemu ya mtengenezaji wa chipu na mfumo wenyewe, na mwaka 2019, katika Android 10, ikaruhusu baadhi ya vipande vya mfumo visasishwe peke yake. Kinachokosekana ni wa kuwalazimisha waendelee hadi kwenye redio.

Na ukishachukua kifurushi, mlango unafungwa nyuma yako. Apple huacha kutia saini matoleo ya zamani, kwa kawaida baada ya siku chache au majuma, na simu haikubali toleo lisilo na saini. Pixel 6 ilipopata Android 13, Agosti 2022, iliwekewa kufuli la kuzuia kurudi kwenye Android 12. Sababu wanayotoa si ya uongo: mwizi akiweza kukurudisha kwenye toleo lenye tundu, kuziba tundu kumekuwa kazi bure. Nakubali kwa mfumo mzima. Kwa modemu sikubali kirahisi hivyo. Toleo la modemu la mwezi uliopita, lisilo na tundu linalojulikana, lingeweza kubaki na saini kwa miezi mitatu bila kumnufaisha mwizi yeyote, na mwenye simu ambaye laini yake imegoma angekuwa na pa kurudi. Kama tundu limegundulika humo, kampuni ifunge siku hiyohiyo na iseme kwa nini.

Nawaombeni msidhani kampuni zitafanya hayo kwa hisani. Aprili 2014 FaceTime ilikata kwenye iPhone zilizokuwa bado na iOS 6, na wenye simu wakaambiwa dawa ni kupanda iOS 7. Walioshtaki huko Marekani walidai Apple iliikata kwa makusudi, kupunguza gharama ya kupitisha mazungumzo kwenye mitambo ya kukodi. Kesi iliishia kwenye suluhu ya dola milioni 18 mwaka 2020. Oktoba 2018 Italia iliitoza Samsung faini ya yuro milioni 5 kwa kuwahimiza wenye Galaxy Note 4 waweke Android iliyoandaliwa kwa ajili ya Note 7, ikazilemea simu zao, na Apple ikatozwa milioni 10 kwa mambo yanayofanana. Kwa kampuni hizo ni pesa ya chai, lakini mamlaka ya nchi moja imetamka kwamba apdeti inaweza kuwa kosa dhidi ya mnunuzi.

Kuna kisa kimoja ambacho wadhibiti wetu wangepaswa kukisoma kwa makini. Septemba 2023 wakala wa masafa wa Ufaransa, ANFR, ulisimamisha uuzaji wa iPhone 12. Ulikuwa umeipima na kukuta mwili unapokea wati 5.74 kwa kilo simu ikiwa mkononi au mfukoni, wakati kikomo cha Ulaya ni 4. Apple haikurudisha simu hata moja kiwandani. Ilitoa sasisho. Simu hiyo ilikuwa ikijiongezea nguvu kidogo ya kurusha ikihisi imewekwa juu ya meza, mbali na mwili. Sasisho la Ufaransa likaizuia kufanya hivyo, na kampuni ikakiri kwamba penye mtandao hafifu huenda mawasiliano yakapungua kidogo. Nchi moja ilishika sheria, na redio ya simu ya miaka mitatu ikabadilika mifukoni mwa watu.

Sasa TCRA, na wenzao wa Kenya, huthibitisha kifaa cha mawasiliano kabla ya kuuzwa. Kinapimwa, kinapata cheti. Cheti hicho kinaisema simu kama ilivyokuwa siku ya kipimo, ilhali redio yake inaandikwa upya mara kadhaa kwa mwaka na hakuna anayerudi kuiangalia. Umoja wa Ulaya, katika kanuni zilizoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025, umelazimisha miaka isiyopungua mitano ya masasisho, na umekataza sasisho kuishusha simu chini ya viwango ilivyotangaziwa isipokuwa mwenye simu akubali mwenyewe, tena akikataa asiadhibiwe. Sisi hatujaandika hata sentensi inayouliza.

Hadi hivi karibuni tuliweza kustahimili, kwa sababu tulikuwa na laini ya plastiki. Simu janja ikigoma, unaitoa laini, unaitia kwenye kitochi, unapiga *150*00# na pesa inakwenda, maana USSD haihitaji intaneti, na modemu ya kitochi haijaguswa na mtu tangu itoke kiwandani. iPhone 14 zilizouzwa Marekani kuanzia Septemba 2022 hazina tundu la laini kabisa. Ndugu zetu wa ughaibuni wanatuletea simu hizo kama zawadi. Siku modemu ya simu hiyo ikigoma, hakuna cha kuchomoa.

Nimeshaambiwa kwamba soko letu ni dogo na hakuna atakayetusikiliza. Tecno, Infinix na itel ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, na kampuni hiyo ilijengwa na wateja wa Afrika kabla ya wengine. Inazitengeneza simu zake kwa laini mbili, betri ya kukaa na kamera inayosoma ngozi nyeusi kwa sababu sisi ndio tulionunua. Inaweza kutengeneza na ukurasa wa mafaili ya modemu. Fomu ya maombi ya cheti ingeongezewa vipengele viwili tu: toleo la modemu lililokuwa ndani ya simu siku ya kipimo, na anwani ambako fundi yeyote wa Mtaa wa Aggrey ataweza kulipata.